Mke wa Mwenye Nyumba

Kwa baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kwa vumbi la barabara sasa kimetulia. Ningependa kuandika kwamba sisi huku hatujambo kabisa, kama tulivyofundishwa kuanza barua, lakini mwalimu wetu wa lugha husema hata salamu ni habari, isiandikwe kwa mazoea. Basi habari ni hizi: mama ni mzima wa mwili. Mdogo wangu ameng'oka meno ya mbele na siku hizi anapiga mluzi kila anapotamka jina lake mwenyewe, naye anaona ni ufundi. Mimi nakohoa kidogo kwa sababu ya mahali tunapolala, na hapo nitafika.

Baba, kuna jambo sijapata kukuambia wewe kwa mdomo wangu, ingawa wapo waliolishuhudia. Siku moja nilimwita mwanamume mwingine baba. Nilimwita mbele ya watu, kwa sauti ya kusikika, naye akaitika. Najua habari hiyo ilikwisha kukufikia kwa mdomo wa mtu mwingine, na najua ilikufikia imevaa nguo gani. Ndiyo maana nakuomba uisome sasa kwa mkono wangu, tangu mwanzo, wala usiikunje barua kabla ya kufika mwisho. Mama hajui kwamba nakuandikia.

Ulipokwenda kwenye kambi ya barabara ulituacha katika kile chumba cha chini, kando ya ngazi. Tangu hapo nyumba haikupata hata msumari mpya. Ukuta wa nyuma ulitoka jasho hadi godoro likaota madoa. Nyaya za umeme zilining'inia ukumbini kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi, na mama alitukataza kupita chini yake tukiwa na mikono yenye maji. Ile roshani ya mbao ya juu, inayozunguka ua, ilianza kulia hata paka akipita. Mwenye nyumba unamkumbuka. Wewe mwenyewe ndiye uliyempa jina la Mzee Kesho, na jina hilo likamganda mpaka watoto wa mtaa wa pili wanalijua. Bomba likipasuka, kesho. Choo kikijaa, kesho. Siku ya kodi peke yake ndiyo ilikuwa leo.

Mwanzoni mwa mwaka gari la jiji lilipita na kipaza sauti likitangaza kwamba nyumba zote zenye vyumba vya kupangisha zitakaguliwa. Ngazi, vyoo, nyaya, madirisha, idadi ya watu katika chumba. Nyumba isiyofaa itafungwa hadi itengenezwe, wapangaji watapewa mahali pa muda, na mwenye nyumba atawajibika. Nilibandua tangazo lililokuwa kwenye nguzo nikawasomea wapangaji wenzetu uani, maana wengine macho yao hayapatani na herufi ndogo. Nilifurahi, baba. Nilidhani kitu kikishaandikwa vizuri hivyo, kimekwisha kutendeka. Wembe, yule kinyozi wa chumba cha mbele, aliniuliza kama tangazo limetaja pia siku ambayo nguruwe wataota mbawa. Nikaona haya, nikaingia ndani.

Kumbe Wembe alijua zaidi yangu. Mtaa wa pili walikaguliwa kwanza. Nyumba zilipigwa alama ya rangi nyekundu mlangoni na watu wakatolewa na vyombo vyao. Mahali pa muda walipoahidiwa palipatikana, ila baada ya mvua kuwanyeshea kwanza. Tuliwaona tukienda shule: makabati yamesimama barabarani kama yanasubiri kuvuka, mama mmoja akipika chini ya mwavuli. Msichana wa darasa letu alikuja na sare mbichi, akaketi akitetemeka, na mwalimu akamwuliza kwa nini hakufanya kazi ya nyumbani. Wembe akasema jiji limewaokoa wale watu na nyumba mbovu, sasa wana barabara safi ya kulalia. Safari hii hakuna aliyecheka.

Ndipo Mzee Kesho alipokuja na kiti chake mwenyewe akaketi uani kati yetu. Hakuwahi kuketi nasi hata siku moja. Alisema ameuliza mjini na amepata njia. Sheria ile ni ya nyumba za kupangisha. Nyumba ambayo mwenyewe anaishi na jamaa zake tu, mkaguzi huangalia mlangoni, huuliza maswali, akaenda zake. Kwa hiyo, akasema, siku ya mkaguzi sisi sote tutakuwa jamaa zake. Akaongeza kwa sauti ya upole ambayo sijui alikuwa ameificha wapi siku zote: kwani sisi si ndugu?

Akaanza kutugawia undugu kama mtu anayegawa sabuni. Fundi viatu, mpangaji aliyehamia baada ya wewe kuondoka, akawa mdogo wake wa tumbo moja. Wembe akawa mpwa wake, naye akalalamika kwamba ukoo wenye pua ile hautaki hata kwa kukopeshwa. Dada Cherehani, yule mshonaji wa juu anayeweka mashine yake roshani ili apate mwanga, akawa mkwe, mke wa kijana wa mzee aliye safarini. Dada Cherehani aliuliza huyo mume wake anafanya kazi gani huko aliko, ili ajue amkumbuke namna gani. Watu walicheka sana. Ilikuwa kama mchezo, baba, na sisi tulikuwa na hofu, na mwenye hofu hupenda mchezo.

Ikabaki nafasi moja. Mzee ni mjane, na alisema mkaguzi akikuta nyumba kubwa hivi haina mama atashuku. Akamtazama mama yetu. Mama alikuwa amesimama mlangoni na nguo za watu mkononi, maana siku hizi anafua kwa ujira. Akasema, "Mimi nina mume." Mzee akamwambia ni maneno tu, ya saa moja, maneno hayaachi kovu. Mama akamjibu kwamba hata ndoa yake ilifungwa kwa maneno. Kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Walikuja mmoja mmoja kumbembeleza. Fundi viatu alimwambia, shemeji, mimi na mgongo huu nikilala nje siku moja nitaamka nimekuwa upinde. Dada Cherehani alimwambia mashine ikinyeshewa ndiyo basi. Mama aliwasikiliza wote, na mwishoni akasema hivi, nami nilikuwepo: yeye hatasema uongo huo, na wala hatawaharibia. Atanyamaza. Wakamshukuru, wakaniomba mimi niwafundishe wengine, kwa kuwa ndiye msomaji wa nyumba. Niliwakalisha nikawauliza maswali kama mtahini. Fundi viatu alikuwa mzito kuliko wote. Kila nilipomwuliza mzee ni nani yake alijibu "mwenye nyumba", tukashika vichwa. Ikawa anajifundisha peke yake akigonga soli: mimi mdogo wake, yule shemeji yangu, wale watoto wa kaka yangu. Mdogo wangu akawa anamwitikia kama wimbo.

Mkaguzi alikuja asubuhi ya siku ya mapumziko. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye viatu vya buti na mkoba mkubwa kuliko bega lake, na alisalimia kila mtu kwa cheo chake, wazee shikamoo, vijana habari. Hakuwa mkali. Nadhani kama angekuwa mkali ningekaa kimya. Aliuliza, na watu wakajibu vizuri ajabu. Fundi viatu alitiririka. Dada Cherehani alipoulizwa mumewe yuko wapi alitoa machozi kabisa, hata mimi nikamhurumia kwa kuachwa na mtu asiyekuwepo. Kisha mkaguzi akainua macho kwenye roshani, akaitazama kwa muda, akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Ngazi ikalia. Akageuka, akamwuliza mama yetu: na wewe mwenzangu, ni nani katika nyumba hii?

Mama alikuwa na povu hadi viwikoni. Alinyamaza kama alivyoahidi. Kimya kile hakuna aliyekuwa amekipima urefu wake, baba. Mzee alianza kujipangusa paji la uso. Mguu wa mkaguzi ulikuwa bado kwenye ngazi.

Unanijua. Mimi ndiye yule ambaye mwalimu akiuliza swali huwa nina jibu na natazama dawati. Lakini meza yangu ya kusomea ilikuwa chini ya ngazi ile, mtihani ulikuwa unakaribia, na akilini nilimwona yule msichana wa darasa letu na sare yake mbichi. Nikasema, "Huyu ni mama, na yule pale ni baba." Mzee akaitika, "Naam, mwanangu," akaniwekea mkono kichwani. Mkaguzi akaushusha mguu wake. Akaandika, akaaga, akaondoka. Mama hakufungua kinywa chake, baba. Hayo maneno hakuyasema yeye, wala hakuyakubali. Ni yangu.

Wembe alininyanyua juu juu akaniita wakili. Watu walinipigia makofi, mimi ambaye sijawahi kupigiwa makofi hata siku ya kutoa zawadi shuleni. Mama alimaliza kufua, akaanika, hakunisemesha hadi kesho yake. Kesho yake aliniambia neno moja tu. Aliniambia, "Umeniozesha." Nilicheka, nikidhani anatania.

Haikupita muda mrefu ukamtuma yule dereva wa lori la saruji na mzigo wako. Mama alikuwa amekwenda kurudisha nguo za watu, sisi tulikuwa shule. Dereva alifika mlangoni na buti zake na karatasi yenye maelekezo mkononi, akamkuta fundi viatu, akamwuliza yuko wapi mke wa fulani, akakutaja wewe. Fundi viatu aliona buti, akaona karatasi. Akajua huyu ni mtu wa jiji amekuja kututega. Basi akamjibu somo lote bila kukosea hata neno. Kwamba hapa hakuna mtu wa namna hiyo. Kwamba mama aliyepo ni mke wa mwenye nyumba, ni shemeji yake, na watoto wale ni wa kaka yake. Dereva aliuliza mara mbili. Mara ya pili fundi viatu alimjibu kwa hasira, kama mtu aliyetukaniwa ukoo.

Tuliporudi alitupokea kwa furaha, akatusimulia alivyomshinda mtu wa jiji. Akasema jamaa alikuwa hodari, amejua hata jina lako. Mama akamwuliza mtu huyo alikuwa na nini mkononi. Fundi viatu akasema karatasi, na kifurushi kilichofungwa kwa kamba ya bluu. Mama alijua ile kamba ni ya kwako. Aliketi chini palepale ukumbini. Tangu siku hiyo akawa anakupigia simu. Inaita, haipokewi. Ameandika ujumbe, na mwingine nimemwandikia mimi kwa maneno yake. Wewe unajua kama ulizisoma.

Mzee Kesho naye, baada ya kuona mkaguzi ameondoka, akapata kiburi. Alipandisha pipa kubwa la maji juu ya roshani ili asigharimie bomba, na chumba cha stoo huko juu akakipangisha. Mama alimwambia mbao zile hazitabeba pipa. Mzee akamwambia, mbele ya watu, kwamba mke mwema hamsumbui mume kwa mambo ya ujenzi. Kila mtu alisikia. Kuna waliocheka kidogo, na mimi nilitazama chini.

Roshani ilianguka kabla ya adhuhuri. Nilikuwa nje nikichota maji, na sauti niliyoisikia ilikuwa kama shuka kubwa linachanwa. Nilipoingia, vumbi lilikuwa halijashuka. Mashine ya Dada Cherehani ilikuwa imesimama uani wima, kitambaa bado kimeshikwa na sindano, na yeye amelala pembeni yake na mguu umegeukia upande ambao mguu haugeukii. Pipa lilikuwa limepasukia juu ya meza yangu. Hakufa mtu. Watu wanasema hivyo kila mara, hakufa mtu, kama kwamba hiyo ni habari njema ya kutosha.

Jiji likaja, na mkaguzi akawa yuleyule. Mzee alimwambia kwamba yeye hakupangisha hata chumba, hawa wote ni jamaa zake na waliishi kwa mapenzi yao. Akasema anakwenda kutibiwa moyo, na hakuonekana tena. Mlango ukapigwa rangi nyekundu. Tulipouliza mahali pa muda, tuliambiwa pale ni kwa wapangaji waliofukuzwa na ubovu wa nyumba, na katika kumbukumbu zao nyumba yetu haikuwa na mpangaji hata mmoja. Ndugu hupokewa na ndugu. Tulilala kwenye kibaraza cha kanisa lililofungwa, mama akitukinga na upepo kwa zile nguo za watu.

Tena mama akaitwa ofisi ya jiji. Sheria inasema mwenye nyumba na mwenzi wake anayeishi naye, aliyejua ubovu na kunyamaza, hujibu pamoja. Mume ametoroka, mke yupo. Nilikwenda naye. Mkaguzi alimwuliza mumewe yuko wapi, na mama akajibu yuko kwenye kambi ya barabara. Mkaguzi akashangaa, akauliza yule mzee na miaka yake anajenga barabara? Mama akamweleza yote. Mkaguzi alisikiliza, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kwamba tangu aanze kazi hii hajakutana na mke wa mwenye nyumba hata mmoja baada ya nyumba kuanguka. Wote hugeuka majirani. Wenzetu walikuwa wamekuja hadi kwenye korido. Lakini waliambiwa kudanganya ofisa wa jiji ni kosa, na ghafla kila mtu akakumbuka ana kazi. Wembe alimwambia mama kwa aibu kwamba kwa leo yeye bado ni mpwa.

Hapo mkaguzi akasema kama mama ana mume mwingine, basi apigiwe aseme. Alimtaka mama asubiri nje ili asimdokeze. Mimi nilibaki, kwa sababu kioo cha simu ya mama kimepasuka na ni mimi tu ninayeweza kuisoma. Nilimsomea namba yako. Alipiga kwa simu ya ofisini, kwa namba usiyoijua.

Ulipokea, baba. Mara moja tu iliita. Mkaguzi alikuwa ameweka sauti ya nje ili aweze kuandika. Nilisikia mitambo nyuma yako, na mtu akicheka. Alijitambulisha kwa heshima, akataja jina la mama, akakuuliza kama ni mke wako. Kisha ukasema, "Huyo mama ana mume wake. Muulizeni mumewe." Akakuuliza, na hawa watoto? Ukasema, "Nimeambiwa wana baba yao." Ukakata.

Hukujua kwamba nipo. Nilikuwa mbele ya simu, nimeegemea meza.

Nilitoka nje. Mama alisimama, akaniuliza baba amesemaje. Nilimwambia simu haikupatikana. Akasema ndiyo, huko wanakojenga mtandao ni wa shida, tutajaribu tena. Akanifuta vumbi begani. Mpaka leo ninapoandika hajui.

Nimejaribu kukuelewa. Tunafundishwa katika insha kupima pande zote mbili, nami nimepima. Wewe uliambiwa na dereva, dereva aliambiwa na fundi viatu, fundi viatu alifundishwa na mimi. Sehemu yangu naikubali yote, na kama ungenipiga nisingelia. Lakini upande wa pili nimetafuta cha kuweka sikukipata. Umeishi na mama tangu kabla sijazaliwa. Habari ya mlangoni, ya mtu usiyemjua, ilikutosha. Hukuuliza hata mara moja. Mkaguzi, ambaye kazi yake ni kutowaamini watu, aliuliza zaidi yako.

Siku iliyofuata nilitoka shule nikaenda hospitali kwa Dada Cherehani. Mguu wake ulikuwa umening'inizwa kwa kamba. Nilimwomba aseme ukweli kwamba yeye si mkwe wa mtu. Alinitazama, akasema kwa kweli ana manung'uniko na ndoa ile, maana mume wake wa safarini hajaja hata kumjulia hali. Tulicheka mpaka muuguzi akatukemea, kisha akalia. Akasema nimlete mkaguzi pale kitandani.

Nikaenda ofisini peke yangu. Nilisimama kwenye korido hadi nikajionea aibu, nikabisha. Nilimwambia mkaguzi kwamba maneno ya siku ile niliyasema mimi, mama hakusema, na kama kuna adhabu ya uongo ni yangu. Alisema mtoto haandikishwi maelezo bila mzazi. Nikamwambia basi aje hospitali, yuko mtu mzima. Alikuja na buti zake baada ya kazi, akaketi pembeni ya kitanda, na Dada Cherehani akamweleza tangu kiti cha mzee uani hadi pipa. Aliposikia hayo fundi viatu naye alikwenda, akakiri yote, na habari ya dereva, akilia kwa sauti hadi watu wa ofisi nyingine wakachungulia. Wembe hakwenda. Alihama na kioo chake bila kumuaga mtu.

Kumbukumbu zimerekebishwa. Mama si mke wa mwenye nyumba tena, na anayetafutwa ni mzee peke yake. Tumepewa mahali pa muda, ghala nyuma ya soko la zamani, tumegawanywa kwa mashuka yaliyotundikwa, na chokaa inayodondoka ndiyo inayonikohoza. Mkaguzi alinionya vikali kuhusu uongo. Baadaye akaniuliza nasoma darasa la ngapi na kama pana meza. Nilimwambia hapana, akaandika mahali. Meza haijaja.

Fundi viatu anakusalimia na anakuomba radhi. Anasema akimwona yule dereva atampigia magoti. Mdogo wangu anakusalimia kwa mluzi. Dada Cherehani atatoka karibuni, kwa magongo. Mama angekusalimia kama angejua naandika, nami sitaki kutoa salamu kwa niaba yake, maana nimekwisha kumsemea mara moja na imetosha.

Kila jioni alikuwa akinipa ile simu nimtafutie namba yako kwenye kioo kilichopasuka, nami namwambia haipatikani. Namba hiyo haijui kwa kichwa. Juzi alipokwenda kuanua nguo niliifuta. Ya kwake haijabadilika, unayo.

Nakutakia kazi njema na afya, baba.

Ni mimi, binti yako mkubwa.